Mchu Mmoja, Jumamosi Kumi na Mbili

Tunaanza na jambo ambalo, lau ingekuwa hiari yetu, tungelifunika.

Asubuhi moja ya Jumamosi mwaka jana, baada ya sala ya alfajiri, tulishuka akina mama sita na mabinti wetu wanne hadi ukingo wa hori la Tudor, kama ilivyokuwa desturi yetu changa, kupunga upepo na kupiga picha kwa simu. Maji yalikuwa yamekupwa. Mbele yetu, umbali wa hatua hamsini hivi, bibi mmoja alikuwa ameinama matopeni akichimbua kombe, leso yake ameikunja na kuifunga kiunoni, na nyuma yake maji ya mkondo yalikuwa yameshika rangi ya dhahabu. Binti mmoja katika wetu, mwenye umri wa miaka 16, akainua simu na kumpiga picha. Ilikuwa picha nzuri. Sote tuliisifu. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imekwisha ingia katika makundi matatu ya WhatsApp, na kutoka hapo ikaenda ilikokwenda.

Siku ya nne tukaletewa ujumbe. Picha ilikuwa imefika kwa mkwewe yule bibi, mume wa bintiye, na humo miguu ya mama mkwe ilikuwa wazi hadi magotini. Tulikwenda nyumbani kwake kuomba radhi, watatu wetu pamoja na yule binti. Alitupokea kwa adabu, akatuandalia kahawa, na hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema tu, "Mlinipiga picha kama mtu apigavyo mti. Hata salamu hamkunipa."

Tulikuwa hatuna la kujibu. Tuliahidi kuifuta na kuwaomba wengine waifute, na tulijitahidi, ingawa kila mwenye simu anajua kuwa picha iliyokwisha toka haikusanyiki tena. Yule binti alirudi nyumbani akafuta kila picha aliyokuwa nayo, na kwa muda wa miezi miwili hakuigusa kamera ya simu yake.

Kilichotukaa moyoni, hata hivyo, ni yale maneno yake juu ya mti. Tulipoyatafakari tuliona kuwa bibi alitupa heshima tusiyoistahili, kwani hata miti hatukuwa tumeipiga picha ipasavyo. Tulikuwa tunapita. Tukiona jua linachwa, picha. Tukiona jahazi, picha. Tukiona mnazi umeinama, picha. Tulipozipanga picha zetu za miezi sita hatukuweza kutambua ipi ni ya nani. Zingeweza kuwa za mtu yeyote, na kwa hakika zilifanana na zile zinazouzwa kwa watalii katika kadi za posta.

Hapo ndipo lilipozaliwa zoezi tunalotaka kuwasimulia. Haja yetu haikuwa tena picha nzuri. Haja ilikuwa kumrudisha binti yetu kwenye jambo alilolipenda, bila ya kumvunjia mtu sitara yake, na kujua kama mtu aliyezoea kupita anaweza kujifunza kutazama.

Mwenye kutusaidia kwanza alikuwa mwanachuoni wetu wenyewe. Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manadhir, kitabu cha juzuu saba juu ya mwanga na kuona. Kabla yake wengi waliowafuata Wayunani waliamini kuwa jicho hutoa miali inayokwenda kukigusa kitu. Yeye akaonyesha kuwa mwanga ndio hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni, na alichunguza namna mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuingia chumba chenye giza. Kamera zote, hata hii iliyomo ndani ya simu, ni chumba cha giza chenye tundu. Wasomaji wetu wa Mji wa Kale wanaweza kujaribu bila ya gharama: fungeni madirisha yote ya mbao wakati wa jua kali, acheni tundu moja dogo, na huenda mkawaona wapita njia ukutani, miguu juu na vichwa chini. Watoto hawatataka kutoka chumbani humo.

Lakini lililotugusa zaidi ni tofauti aliyoiweka kati ya kuona kwa mtupo wa jicho na kuona kwa taamuli. Kwa mtupo wa jicho mtu hupata yale yaliyo dhahiri tu, na mara nyingi huona kile alichokwisha kukijua. Kwa taamuli jicho hupita juu ya kitu sehemu kwa sehemu, na akili ikalinganisha, mpaka umbo lake lithibiti. Tulijiuliza: katika picha zetu zote zile, ni ipi tuliyoipiga kwa taamuli? Hatukuipata.

Mfano wa pili ni wa mbali, nao ni mashuhuri kwa wapiga picha. Ansel Adams, Mmarekani aliyezaliwa San Francisco mwaka 1902 na aliyekusudia kwanza kuwa mpiga piano, alipanda milima ya Yosemite tarehe 10 Aprili 1927 akiwa amebeba kamera nzito na vioo 12 vya kupigia picha. Alipofika mbele ya jabali kubwa liitwalo Half Dome alikuwa amebakiwa na vioo viwili tu. Cha kwanza alikipiga kwa kichujio cha njano, kama ilivyokuwa kawaida. Mara akahisi kuwa picha ile ingetoa jabali lilivyo, lakini isingetoa haiba aliyoihisi kifuani mwake. Akaweka kichujio chekundu cheusheusi, ambacho huitia giza rangi ya buluu, na kioo cha mwisho kikatoa mbingu iliyokaribia weusi mtupu na jabali linalomwelemea mtazamaji. Baadaye alieleza maisha yake yote kuwa siku ile alijifunza kuiona picha moyoni kabla ya kufungua kamera.

Tunakiri kuwa wengine kati yetu walilitilia shaka jambo hili. Je, mbingu ya mchana kuwa nyeusi si uongo? Tulibishana safari nzima ya kurudi nyumbani. Rai yetu ni kuwa si uongo ikiwa mpigaji anamwambia mtazamaji, "Hivi ndivyo lilivyonielemea," wala hadai kuwa hivyo ndivyo lilivyokuwa. Lakini mipaka ipo, na simu za leo, zinazoweza kuongeza mwezi pasipo na mwezi, zinaivuka kwa urahisi mno.

Basi tukaweka masharti. Kila mmoja achague mti mmoja, au jiwe moja, au kona moja ya ufuko, na asipige kingine kwa Jumamosi 12. Mtu asiingie ndani ya picha. Kila Jumamosi tubakize picha moja tu. Binti yetu, kwa kusitasita sana, akachagua mchu mmoja ulio peke yake pembeni mwa hori, mti usiovutia hata kidogo, wenye tawi moja lililokatwa na mizizi ya kupumulia iliyochomoza wima kutoka matopeni kama penseli. Tulidhani amechagua haraka ili aondoke.

Wiki tatu za mwanzo zilikuwa za kuchosha, na hatuna haja ya kuzipamba. Picha zilikuwa zile zile. Mama mmoja aliacha. Mwengine aliiangusha simu matopeni, na mchele wote wa nyumba haukuiponya.

Wiki ya nne ndipo tulipoanza kuelewa saa. Jua letu hapa Mombasa huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, na mwanga wake ulio mlalo, ule unaochora kila kunyanzi la gome, hauzidi saa moja na nusu. Baada ya hapo mwanga hushuka kutoka juu, kila kitu kikawa cheupe na bapa. Lakini saa ya jua ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni ya maji, na hapo kalenda yetu ya Hijria ikawa na manufaa ambayo hatukuyatarajia. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana, lakini hupwa kabisa kuelekea saa nne na nusu asubuhi, wakati mwanga umekwisha kuwa mkali. Kwa kuwa maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, ukirudi nyuma siku tano utakuta kupwa na kuchomoza kwa jua vinakutana. Kwa uzoefu wetu hiyo ni tarehe 10 au 11 ya mwezi wa Kiislamu, na tena 25 au 26. Wavuvi watatucheka kwa kuliita jambo hili ugunduzi. Na tulipolifahamu, tulifahamu pia kwa nini yule bibi alikuwa pale asubuhi ile: yeye hesabu hii anayo kichwani tangu utotoni.

Juu ya chombo hatuna mengi ya kusema. Futeni kioo cha kamera kwa pindo la leso safi kabla ya kila kitu, kwani nusu ya picha zenye ukungu ni mafuta ya vidole. Gusa kwenye kioo cha simu mahali unapotaka paonekane vizuri, kisha buruta kidole chini ili upunguze mwanga. Simu nyingi hupenda kung'arisha kila kitu, na alfajiri iliyong'arishwa si alfajiri tena. Usivute kwa vidole ili kukuza, bali sogea. Ikiwa huwezi kusogea kwa sababu ya matope, basi hiyo si picha yako ya leo.

Wiki ya saba tulikodi matatu tukaenda Gazi, kaunti ya Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Akina mama wa kijiji kile wanasimamia njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya matope, ipitayo ndani ya mikoko, na mgeni hulipa ada ndogo ili kuitembea. Hapo ndipo pia penye mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 unahifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, na fedha zikarudi Gazi na Makongeni kwa ajili ya maji na shule. Tulikwenda tukidhani tutarudi na picha nyingi. Tulirudi na majina.

Mama aliyetuongoza alimwona binti yetu amelenga simu, akamwuliza, "Huo ni mti gani, mwanangu?" Binti akajibu, "Ni mkoko, mama." Yule mama akacheka kwa upole, akasimama nasi karibu nusu saa. Kenya ina aina 9 za miti ya mikoko, na sisi tuliozaliwa ufukoni tulikuwa tukiiita yote kwa jina moja! Akatuonyesha mkoko wenyewe, wenye mizizi inayojipinda kama matao na mbegu inayoota ikiwa bado imening'inia mtini, ikaanguka kama mkuki. Mlilana, unaokaa mbele kabisa kuelekea bahari. Mkandaa, muia, mkomafi wenye tunda zito kama mpira. Kisha mchu: akachuma jani moja akamwambia binti alilambe. Lilikuwa na chumvi. Mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani yake, ikakauka juu yake kama vumbi jeupe. Wiki sita binti yetu alikuwa akiupiga mti ule picha, na ile chembechembe nyeupe alidhani ni uchafu wa kioo cha simu.

Wazee wetu waliijua miti hii kwa namna nyingine pia, kwa unene wa mti uliokatwa: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti hizo ndizo zilizobeba dari za Lamu na Mji wa Kale, na zilivuka kwa majahazi hadi Arabuni na nchi za Ghuba. Maneno hayo yanapotea midomoni mwa watoto wetu. Nasi tunaamini, ingawa hatuwezi kulithibitisha, kuwa asiye na jina la kitu hukiona nusu.

Juma lililofuata picha za binti zilibadilika. Alilala kifudifudi juu ya mkeka mkuukuu, simu karibu igusane na matope, akapiga jani moja dhidi ya mwanga. Chumvi ile iliwaka. Tulipomaliza wiki ya kumi tulizipeleka picha zake zote studio mjini zikachapishwa kwa karatasi ndogo, tukazitandaza sakafuni, kwa maana katika kioo cha simu picha hupita moja moja na mtu haoni mwenendo wake mwenyewe. Zilipotandazwa, jambo likajitokeza ambalo hata yeye hakuwa amelikusudia. Takriban zote alizipiga kutoka chini, na takriban zote hazikuwa za mti. Zilikuwa za kile maji yalichokiacha: mstari wa povu lililokauka kwenye gome, kijito chembamba kati ya mizizi, nyayo za ndege mwenye miguu mirefu, vifurushi vidogo vya matope vilivyoachwa na kaa mlangoni mwa mashimo yao. Mama mmoja akasema, "Huyu binti anapiga picha waliokwisha ondoka." Binti akanyamaza, kisha akasema, "Basi ndiyo."

Hapo tulijua kuwa amelipata jicho lake. Hatukumfundisha, hakuna kati yetu aliyekuwa na uwezo wa kumfundisha. Wengine wetu hatukulipata, na mmoja wetu, mwenye kuandika maneno haya kwa niaba ya wenzake, picha zake 12 za mnazi zingali ni picha 12 za mnazi.

Palikuwa na mzozo mmoja. Hori letu si Gazi. Maji taka ya majumbani huingia humo, chupa za plastiki hukwama kati ya mizizi, na visiki vipo vya kutosha. Katika picha moja nzuri kuliko zote palikuwa na kisiki kibichi, kimekatwa wiki ile ile, na chupa ya soda kando yake. Baadhi yetu walitaka aikate pembe ile ya picha, kwani simu inaweza, na picha ingekuwa safi. Wengine walisema kuwa aliyekuja kupiga yaliyoachwa na maji hana haki ya kuchagua maji yaache nini. Binti alikaa na picha ile siku mbili, akaiacha ilivyo. Sisi tuliotaka ikatwe tunaungama kuwa hatuwezi tena kuikumbuka picha ile bila ya kisiki chake.

Watauliza baadhi ya wasomaji juu ya hukumu ya picha. Tunajua kuwa wanavyuoni wamekhitilafiana kuhusu sura za viumbe wenye roho, na kuwa wapo waliouruhusu upigaji wa kamera, akiwemo Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye aliona kuwa ni kuzuia kivuli wala si kuumba sura. Mwenye shaka na amwulize sheikh wake. Sisi tulichojifunza ni kuwa miti, maji na matope vinatosha kumshughulisha mtu umri mzima, na tatizo letu la mwaka jana halikuwa la sura. Lilikuwa la idhini.

Jumamosi ya 12 tuliwaendea tena nyumbani kwake, yaani sisi na binti, tukiwa na picha 12 ndani ya bahasha. Hatukuwa na hakika kama atatufungulia.

"Sabalkheri, bibi," binti akasema mlangoni, macho chini.

"Sabalkheri, mjukuu wangu. Ingieni."

Alizichukua picha, akazitazama moja moja kwa mwendo wa mtu achaguaye mchele, akiziweka kando ya sinia la kahawa. Ya chumvi aliipita. Ya kisiki aliitazama kwa muda na kutikisa kichwa. Alipofika ya tisa akasimama. Ilikuwa picha ya shimo dogo matopeni lililojaa maji, limeshika kipande cha mbingu ya alfajiri, na kando yake nyayo za mtu zikielekea nje ya picha.

"Hapa ni mimi," akasema.

Binti alishtuka, akaanza kuapa kuwa hakumwona mtu yeyote asubuhi ile.

"Hukuniona, najua. Nilikuwa nimekwisha kwenda zangu. Hili ni shimo langu, mimi huchimba hivi, kwa ubavu." Akaonyesha kwa kiganja chake. Akauliza kama anaweza kubaki nayo, akaichomeka kwenye kioo cha kabati la vyombo, mahali mkwewe atakapoiona akija.

Kisha akauliza ni mti upi huo uliopigwa katika hizo nyingine. Alipoelezwa, alisema anaufahamu, na anamfahamu aliyelikata tawi lake, na kuwa kuna mchu mwengine mkubwa zaidi upande wa pili wa mkondo ambao hatuwezi kuufikia bila ya mtu wa kutuongoza. Tumekubaliana naye Jumamosi ijayo, inshaallah. Ametuonya tusije saa kumi na mbili kama ilivyo desturi yetu, maji yatakuwa bado hayajapwa. Tuje saa moja na nusu, bila ya viatu.